Choo cha Osea

Sikugeuka kumwangalia. Nilikuwa kwenye njia ya kutoka Iyula kwenda dispensari, mtoto mgongoni, chupa ya mafuta mkononi, na tangu tulipovuka kijito nilikuwa sijasikia pumzi yake shingoni kwangu. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea bega langu, kikitikisika kila nilipokanyaga. Mama mwingine angesimama, angelegeza mbeleko, angemtazama usoni. Mimi nilitembea tu. Nilichokuwa nakifikiria ni ile chupa. Ilikuwa mali ya dispensari, na dresa, mtoa dawa wa pale, alisema irudishwe.

Wanawake waliokuwa wanapalilia mahindi walinisalimia, nikawaitikia. Mmoja wao akauliza mtoto anaendeleaje.

"Yupo," nikasema, nikapita.

Watu wakinisimulia huzuni zao husema ziliwauma. Yangu haikuniuma. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona, unajua ni wako, lakini ukiubana husikii kitu. Ganzi hiyo ilikuwa imeniingia kabla ya siku ile. Ilinianza kwa Ruti.

Ruti alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Aliharisha wakati wa masika, akafa mahindi yakiwa bado hayajatoa nywele. Nilimwita jina mpaka mwisho. Niliita, Ruti, Ruti, mpaka mama mkwe wangu, Enesi, akaniziba mdomo kwa kiganja chake na kuniambia basi, mwanangu, inatosha. Ruti aliomba maji. Kwetu mtoto anayeharisha hakupewa maji, kwa sababu kila mtu aliona kwa macho yake kwamba maji yakiingia juu yanatokea chini. Nilichovya kidole kwenye kata nikampaka midomoni, basi. Alikinyonya kile kidole.

Nilipokuja kumzaa Osea watu hawakubadilisha jina langu. Niliendelea kuwa Mama Ruti, maana mzaliwa wa kwanza ndiye anayempa mama yake jina, awepo asiwepo. Niliitika kila walipoita.

Osea alikua. Akatembea, akasema, akawa mchokozi wa kuku. Alipokuwa na umri wa kutumwa moto kwa jirani, serikali ya Mwingereza iliamua kwamba sisi watu wa Mbozi ni wachafu. Amri ikatoka: kila nyumba ichimbe choo, shimo lipite kimo cha mtu, liwe na kibanda na kifuniko. Bwana Afya alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake ndefu, akiitumbukiza shimoni kupima. Asiye na choo aliitwa barazani kwa jumbe, na huko hakukuwa na mzaha.

Nieleze hapa kwamba Kiswahili hiki ninachosimulia nacho nilikijua baadaye sana. Wakati ule nilikuwa na Kinyiha changu, na Kiswahili cha kuokoteza sehemu mbili. Kanisani niliokota mbingu, dhambi, kufunga na kuomba. Kwa Bwana Afya niliokota choo.

Mume wangu, Yonathani, hakupenda kushindwa na mtu. Wenzake walichimba mpaka kimo cha mtu wakaacha. Yeye alichimba mpaka ikabidi avutwe kwa kamba kutoka ndani, akatoka amejaa udongo mwekundu, anacheka peke yake. Akalaza magogo juu, akaacha nafasi katikati. Kifuniko alisema atakichonga baadaye.

Kabla hajakichonga, mwanambuzi aliteleza kwenye yale magogo akatumbukia. Tulimsikia analia huko chini. Yonathani akateremsha kamba, akaipandisha, akaiteremsha tena, lakini mbuzi hajui kushika kamba, na shimo lilikuwa refu mno kwa mtu kuingia bila kubomoa magogo. Osea alilala kifudifudi pembeni, kichwa kwenye ule uwazi, akimwita mbuzi. Hakuna aliyemwondoa. Jua lilipoanza kushuka sauti ikakatika.

"Amekwenda wapi?" Osea akamuuliza bibi yake.

Enesi alikuwa mtu wa utani, na utani kwake haukuwa na wakati maalumu. "Choo kimemla," akasema.

Tangu hapo Osea hakukisogelea kile kibanda. Alikwenda migombani kama alivyozoea. Enesi akamkuta, akamchapa na kijiti kwenye miguu, akamwambia Bwana Afya akiona uchafu huu baba yako atachukuliwa. Hakumchapa kwa ukali, alimchapa kama bibi anavyochapa. Lakini mtoto aliyeambiwa kwamba nyuma ya nyumba kuna kitu kinachokula mbuzi, na migombani kuna kosa litakalomchukua baba yake, hana pa kwenda. Akaamua kutokwenda popote.

Sisi hatukujua kwamba ameamua. Tulichoona ni kwamba siku nyingine alikimbilia nguzo ya ghala, akaikumbatia, akapanda juu ya ncha za vidole vya miguu, akakaza miguu mpaka inatetemeka, uso unatoka jasho. Akikaa hivyo kidogo, anashuka, anaendelea kucheza. Tulicheka. Tuliita ngoma ya Osea. Yonathani alikuwa anampigia makofi, na kuna jioni nami nilimpigia.

Halafu nikaona doa kwenye shuka yake. Maji maji, yana harufu. Nikaifua. Kesho yake yakawa mengine, yanamtoka bila yeye kujua, yanashuka miguuni anapotembea. Nilisimama na ile shuka mkononi nikajiambia ni ile ile. Imerudi.

Ningetegemea kulia. Sikulia. Nilikwenda kuchambua maharage, nikayachambua yote. Siku hiyo ndiyo niliacha kumwita Osea. Sikupanga, nilijikuta tu nasema "wewe njoo", "mtoto huyu ale nini", na jina lake likawa halinifikii mdomoni. La Ruti niliita sana na halikumzuia kuondoka. Na maji nikaacha kumpa. Alipoomba, nilimpaka midomoni kwa kidole.

Tumbo lake likavimba. Chakula akakikataa. Yonathani ndiye aliyesema apelekwe dispensari; mimi nilimbeba kama mtu anayebeba mzigo wa jirani, wa kufikisha tu.

Dresa wa pale aliitwa Anania, Mnamwanga wa upande wa Tunduma, mtu mrefu mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi. Hakujua Kinyiha. Mimi sikujua Kinamwanga. Tukakutana kwenye Kiswahili, watu wawili ndani ya nyumba ya mtu wa tatu, kila mmoja akipapasa ukuta.

"Jina la mtoto?" akauliza.

"Mtoto," nikasema.

Akanitazama, halafu akaacha. "Anaumwa nini?"

"Anaharisha, bwana."

"Anapata choo?"

Hilo neno nililijua vizuri. Nikanyoosha mgongo. "Choo kipo, bwana. Kipya. Kirefu. Bwana Afya amekiona."

Benchi zima likacheka, hata mzee aliyekuwa na kidonda. Anania akauma midomo.

"Siyo hicho, mama."

"Ni hicho hicho, bwana. Tuna kimoja tu."

Akakata tamaa ya kuniuliza. Akamlaza mtoto mezani, akambonyeza tumbo polepole kwa vidole, chini ya kitovu, upande wa kushoto. Akachukua mkono wangu akauweka pale. Kulikuwa na vitu vigumu ndani, vimepangana, kama viazi ndani ya mfuko.

"Huyu haharishi," akasema. "Amefunga."

Hilo nalo nililijua, la kanisani. Kufunga ni kutokula, ukaomba. "Ndiyo, bwana," nikamwambia. "Hali kitu."

Akashusha pumzi. Akatoa chupa kwenye rafu, ya mafuta mazito yasiyo na rangi sana. Kizibo chake kilikuwa kimepotea, ameziba kwa kipande cha gunzi la mahindi. Nilipoyanusa niliyatambua. Yalikuwa mafuta ya nyonyo, ambayo sisi tulijipaka miguuni wakati wa baridi.

"Dawa ya kuharisha hii," akasema taratibu, akihesabu maneno kwa vidole ili nisipotee. "Asubuhi, kijiko, kabla hajala. Asubuhi nyingine, tena. Usiache mpaka mimi niseme acha. Na maji, mama. Maji mengi. Chupa irudi."

Dawa ya kuharisha. Nikaondoka nayo, nimeridhika kwamba hapo angalau tumeelewana. Dawa ya homa huondoa homa. Dawa ya minyoo huondoa minyoo. Mtu akikuambia hii ni dawa ya kuharisha, na mtoto wako anaharisha, utaelewa nini? Habari ya maji niliitikia ndiyo, kwa heshima tu, na sikuifuata. Nilijua mwenyewe maji yanafanya nini.

Asubuhi nilimbana pua nikamnywesha. Alilia, akameza. Nikasubiri kuhara kukatike. Jua lilipofika juu mtoto akajikunja, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, akanishika nguo. Akataka kukimbilia nguzo ya ghala, lakini safari hii miguu ilimkatalia. Nikambeba mpaka migombani nikamchuchumaza, nikamshikilia makwapani.

Kitu kilichotoka kwanza kilikuwa kigumu, cheusi, kikubwa kuliko nilivyoweza kuamini kwa mwili ule mdogo, na kilikuwa na damu. Baada yake yakafuata maji, yakaja, yakaja tena, yakachirizika mpaka miguuni kwangu. Alipomaliza alinilegea mikononi kama nguo iliyokamuliwa. Nikamwosha. Akalala mchana ule wote na usiku wote, na mimi sikumwamsha.

Enesi alisimama juu yetu na mikono kiunoni. "Dawa ya kuharisha gani hii inayozidisha? Mama Ruti, mtu huyo amekupa sumu. Imwage."

Akaichukua chupa, akalivuta gunzi. Nikamshika mkono. Sikuwahi kumshika mama mkwe mkono hivyo.

"Mama, chupa siyo yetu," nikamwambia.

"Basi irudishe. Na mtoto?"

"Naye nitambeba."

Nilikuwa na sababu ya kumbeba, ingawa sikuisema. Ruti alifia kwenye kona ile ile ya nyumba, kwenye mkeka ule ule. Sikutaka wa pili afie pale. Afie njiani au kwa dresa, kokote, mimi nirudi mikono mitupu kama nilivyozoea. Asubuhi nikamfunga mgongoni bila kumtazama, nikatoka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa njiani.

Tulipopita mwisho wa mashamba ya mahindi, penye mibuni michanga ya watu wa mwanzo kupanda kahawa kwetu, nilisikia sauti mgongoni.

"Mama. Maji."

Nikajua yuko hai. Nasema nilijua, maana sikuwa na la zaidi ya kujua. Miguu yangu haikupunguza mwendo wala haikuongeza. Kijito cha pili kilikuwa hapo mbele, maji safi, yanapita juu ya mawe. Nikakivuka.

"Mama."

"Tunafika," nikasema.

Hakuomba tena. Alikuwa mtoto mtiifu wa mambo kama hayo.

Anania alikuwa nje ananawa mikono. Aliponiona akaja haraka na maji bado yanamdondoka.

"Ameharisha?"

"Ameharisha, bwana. Mengi. Na damu kidogo." Nikamnyooshea chupa. "Dawa yako haikufaa."

Yule mtu akapiga makofi. Mbele ya watu wote wa benchi, akapiga makofi na kucheka kwa furaha, na mimi nikasimama namtazama mwanamume mzima anayefurahia mwanangu kuharisha. Nikatafuta hasira ndani yangu nimtukane. Sikuipata.

Akamshusha mtoto, akambonyeza tumbo, likabonyea. Akanitazama usoni, na nadhani hapo ndipo alipoona kwamba maneno yake yote yalikuwa yamenipita pembeni. Hakuongeza mengine. Akachukua chupa kutoka mkononi kwangu, akaigeuza kichwa chini.

Gunzi halikutoka. Lilikuwa limebana vizuri. Lakini pembeni yake mafuta yalianza kupenya, tone, tone, yakamchirizika vidoleni.

"Imefunga," akasema, akigonga gunzi. Kisha akaonyesha matone. "Lakini inavuja. Umeona? Imefunga, inavuja."

Akagusa tumbo la mtoto, akagusa gunzi. Akagusa ile shuka yenye madoa niliyomfungia mgongoni, akagusa mafuta vidoleni mwake. Akalichomoa gunzi, mafuta yakamwagika puu kwenye mchanga, na yeye akacheka tena na kuiinua chupa upesi yasiishe.

Nilielewa. Nilielewa yote kwa mkupuo, bila Kiswahili. Haikuwa ile ya Ruti. Haikuwahi kuwa ile.

"Kwa nini hutaki kwenda choo, kijana?" Anania akamuuliza mtoto. Nikamgeuzia kwa Kinyiha. Alijibu kwa sauti ndogo, akiangalia mlango.

"Anasemaje?"

"Anasema choo kinakula," nikasema.

Safari hii benchi halikucheka. Anania akakuna kidevu. "Mchimbieni kifupi," akasema, akionyesha kipimo kwenye mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. "Aone chini. Na dawa msiache. Akifunga tena ataogopa zaidi." Kisha akaita aletewe maji, na kikombe cha bati kikaja, kimejaa. Akampa mtoto.

Nikanyoosha mkono kuzuia. Mkono wangu ulitangulia. "Bwana, ameharisha."

"Ndiyo. Anakauka. Mpe maji."

Nilitafuta maneno katika yale machache niliyokuwa nayo, nikayapanga, nikayapangua. Nilitaka yawe sawasawa, asije akanielewa vibaya.

"Na yule anayeharisha kweli, bwana? Ambaye hakufunga. Naye maji?"

"Huyo zaidi," Anania akasema. "Huyo bila maji anakufa."

Alishageuka kumwangalia mzee wa kidonda. Hakujua amesema nini, na sina neno naye. Nilikaa kwenye benchi. Mtoto alikuwa anakunywa, meno yanagonga bati. Nikaangalia kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia. Kilikuwa kidole tu.

Nyumbani nilimweleza Yonathani habari ya gunzi, akaenda kuchukua jembe. Alichimba hatua chache kutoka kwenye choo kikubwa, shimo dogo ambalo hata kuku angeruka akatoka, akapanga mawe mawili ya kukanyagia. Kisha akaingia kichakani kukata mti wa kifuniko cha lile kubwa. Enesi nilimkuta anapepeta ulezi, nikamweleza habari ya maji. Ya wote, anayefunga na anayeharisha. Akaendelea kupepeta. Halafu mikono ikasimama, akabaki ameshika ungo hewani, pumba zinaruka zenyewe na upepo. Hatukulitaja jina la Ruti siku ile, wala hakuna siku nyingine tuliyorudia mazungumzo hayo. Lakini toka hapo, mtoto yeyote akiugua kijijini, Enesi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, na alikuja na mtungi.

Kijiko kila asubuhi. Mtoto alizoea, akawa anajibana pua mwenyewe. Chupa ilipoisha niliirudisha nikapewa nyingine. Ngoma kwenye nguzo ya ghala ikaanza kumtoka, siku ipo, siku haipo, kisha haipo kabisa. Alianza kula. Yonathani alirudi kuwa na furaha. Mimi nilifanya kila kitu kinachotakiwa, kwa wakati wake, na ndani kulikuwa kimya.

Bwana Afya akaja wakati wa mavuno. Akatumbukiza fimbo kwenye choo kikubwa, akaridhika, akasifu kifuniko. Alipogeuka akaona lile shimo dogo. Akaisimamisha fimbo ndani yake. Haikuzama hata robo.

"Hiki ni nini?"

Yonathani akaangalia vidole vya miguu yake. Enesi akaingia ndani. Bwana Afya akarudia swali kwa sauti ya serikali, na tarishi wa jumbe aliyefuatana naye akasogea karibu.

"Choo cha Osea," nikasema.

Nililisikia likitoka. Lilitoka na sauti yangu, kubwa kuliko nilivyokusudia, na likanikwaruza koo kama kitu kilichokaa mahali pamoja siku nyingi.

"Osea ndiye nani?"

"Mwanangu."

Kabla hajasema lingine, migomba ikatikisika, akatokea mwenyewe na shati lake refu, ameshika jani la mgomba. Alikuwa anangoja wageni waondoke na wageni hawakuondoka. Akapita katikati ya Bwana Afya na tarishi, akakanyaga mawe yake mawili, akachuchumaa mbele ya serikali yote. Bwana Afya akatazama kilima. Tarishi akaona kuna kitu cha kuangalia kwenye kiatu chake. Sote tulisubiri.

"Mama," akaita. "Njoo uone."

Nikaenda, nikainama, nikaona. Kilikuwa laini, chenye rangi ya udongo wetu, hakina damu.

"Umefanya vizuri, Osea," nikamwambia.

Bwana Afya alishika njia kwenda nyumba ya pili, na shimo lile hakulitaja tena. Nilimwosha Osea mikono. Nikachota maji kwenye mtungi, kata nzima, nikampa. Alikunywa akinitazama juu ya ukingo wa kata, akamaliza yote, akavuta pumzi, akaomba mengine.

Nikachota.